Pikapu Inasumbua? Anza na Dalili Kabla ya Kununua Spea

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili, kwa sababu mwenye pikapu hamwendei fundi na kumwambia "vali ya pampu imekufa". Anamwambia "haipandi mlima", "inatoa moshi", "usukani unacheza". Nimeegemea zaidi Hilux za dizeli zenye injini za 2KD (lita 2.5) na 1KD (lita 3.0), zile za umbo lililoanza kutoka mwaka 2004 ambazo wengi wanaziita Vigo, pamoja na Land Cruiser pikapu yenye 1HZ ya lita 4.2. Mwenye D-Max, Ranger au Navara atakuta mengi yanamhusu pia.

Kabla ya kufungua boneti, jiulize: ni kitu gani kilibadilishwa mwisho? Majani ya springi yameongezwa? Gari limeinuliwa? Umefunga tairi kubwa, bampa ya chuma, karia ya juu? Kompyuta ya injini imeguswa ili kuongeza nguvu? Matatizo mengi ya pikapu yanayochukua wiki nzima gereji yalianza siku gari "lilipoboreshwa", na fundi wa pili hakuambiwa alichofanya fundi wa kwanza. Mwambie. Kama una risiti, mpelekee.

Ukaguzi mwingi hapa unahitaji tochi, geji ya upepo, jeki, stendi mbili za chuma na mtu wa kukusaidia. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Pikapu ni nzito, na jeki ya haidroliki inaweza kuachia bila kutoa dalili yoyote.

Haina nguvu, hasa mlimani

Malalamiko ya namna hii ndiyo mengi kuliko yote. Zamani ilikuwa inapanda mlima Kitonga na mifuko 20 ya saruji kwa gia ya tatu, sasa inadai ya pili, na malori yanakuja nyuma yako.

Anza na hewa. Toa filta ya hewa uitazame kwenye mwanga. Kwenye barabara za vumbi filta inaziba muda mrefu kabla ya zile kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Ukiipuliza, tumia upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje. Upepo mkali wa kompresa unatoboa karatasi, na tundu dogo linatosha kupitisha vumbi linalosaga mabawa ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) na kuta za silinda. Ikishapulizwa mara mbili tatu, nunua nyingine. Bei ya filta haikaribii bei ya tabo hata kidogo.

Ukitoka kwenye filta, fuata mipira mikubwa ya hewa kutoka kwenye tabo hadi intakula (kipoza hewa) na hadi injini. Ukiona mpira una jasho la oili kwenye kiungo, au ukisikia mluzi unapokanyaga mafuta, hewa inavuja hapo. Kaza klipu, na mpira uliopasuka uubadilishe. Usiuzungushie mpira wa baiskeli ukatarajia ufike mbali.

Hatua ya pili ni dizeli yenyewe. Chini ya chujio la dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Kinga chupa safi, fungua, tazama kinachotoka. Maji yanakaa chini na dizeli inaelea juu yake. Ukipata maji mengi, jiulize ulijaza wapi mara ya mwisho. Vinasaba (alama za kemikali) ambavyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuviweka kwenye mafuta mwaka 2010 vimesaidia kuwanasa wanaochakachua vituoni, lakini haviwezi kuondoa maji na kutu ya pipa la kijijini. Kwa gari linalojaza mafuta ya mapipa mara kwa mara, mimi nabadilisha chujio kila kilomita 10,000, na sioni kwamba napoteza pesa.

Halafu kuna mambo mawili yanayosahaulika kwa sababu hayako kwenye injini. La kwanza ni breki inayoshika. Endesha kilomita chache bila kutumia breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu inayotoa joto kuliko wenzake ina pistoni iliyokwama au handibreki isiyoachia. La pili ni klachi. Ukiwa mlimani na mzigo, mshale wa mizunguko ukipanda huku spidi ikibaki palepale, na harufu ya kuungua ikaja, injini haina kosa. Diski ya klachi imekwisha.

Tairi kubwa nayo inaingia hapa. Hilux iliyokuja na 265/65R17 ina tairi yenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukifunga 285/70R17 kinakuwa milimita 831, yaani asilimia 7 zaidi. Kila gia inakuwa ndefu kwa asilimia hizo hizo, na injini inavuta kama imepangiwa gia ambayo si yake. Kipima spidi nacho kinakudanganya: unaposoma 100 unakwenda kama 107 ukilinganisha na tairi za mwanzo. Breki nazo zinalazimika kusimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi kwa diski zile zile.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo tunaingia ndani. Kwenye injini za D-4D, yaani hizo 2KD na 1KD, vali inayodhibiti mafuta kwenye pampu ya presha ni mshukiwa wa kawaida. Dalili zake: injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) mizunguko inapanda na kushuka yenyewe, gari linazima unapoachia mafuta ghafla ukikaribia tuta, na hali inakuwa mbaya zaidi injini ikipata moto. Vali inauzwa peke yake, huhitaji pampu nzima. Ila baada ya kuifunga, kompyuta inatakiwa ifundishwe upya kwa mashine ya uchunguzi, la sivyo utadhani umenunua spea mbovu. Baada ya vali njoo kwenye masizi kwenye njia inayorudisha moshi ndani ya injini, kisha nozeli, kisha tabo yenyewe. Nozeli za D-4D zina namba zilizochorwa juu yake, na namba hizo huingizwa kwenye kompyuta kila nozeli inapobadilishwa. Fundi asiyejua habari ya namba hizo asizifungue.

Hapa kuna onyo la uhai. Mafundi waliokulia kwenye 2L, 3L na 1HZ wana mbinu ya kulegeza bomba la nozeli moja moja huku injini inaunguruma, ili wajue silinda ipi haifanyi kazi. Kwenye injini hizo za zamani mbinu inafaa. Kwenye D-4D presha ya dizeli ndani ya bomba inaweza kuvuka baa 1,000, na mchirizi mwembamba wake unapenya ngozi na kuingia kwenye nyama. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haliumi. Usiguse bomba hizo injini ikiwa inawaka, na usitafute uvujaji kwa kupapasa na kidole.

Kwa wanaotaka kuongeza nguvu kwa kurekebisha kompyuta, au kwa kufunga tabo kwenye 1HZ ambayo kiwandani haikuwekewa: nguvu ya ziada inakuja na joto la ziada ndani ya silinda. Injini yenye nozeli zilizochoka ikiongezewa mafuta inaweza kupasua pistoni, na 1KD inajulikana kwa hilo. Pima nozeli kwanza. Safisha rejeta kwanza. Funga geji ya joto la moshi, ili ujue unapopaswa kuachia mafuta. Ukiona gharama ya maandalizi hayo ni kubwa, basi hiyo ndiyo gharama halisi ya nguvu unayoitaka.

Moshi

Tazama rangi, na tazama unatoka wakati gani.

Mweusi, unapokanyaga mafuta: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Rudi kwenye filta ya hewa na mipira ya intakula, kisha nozeli. Gari lililorekebishwa kompyuta likitoa moshi mweusi mzito kila unapokanyaga, wengine wanalisifia. Ule moshi ni mafuta uliyolipia yasiyoungua, na sehemu yake inabaki ndani ya injini kama masizi.

Mweupe asubuhi tu, unaopotea injini ikipata moto, wenye harufu ya dizeli: mara nyingi ni hita plagi (zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha), au nozeli inayodondosha. Mweupe usiopotea, wenye harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua: maji yanaingia kwenye silinda. Acha kuendesha, nenda kwenye sehemu ya joto hapa chini.

Wa buluu: injini inaunguza oili. Inaweza kuwa tabo, mihuri ya vali, au ringi. Toa mpira wa hewa unaoingia kwenye tabo na ushike shafti yake injini ikiwa baridi na imezimwa. Kucheza kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Mabawa yakigusa ukuta, au shafti ikienda mbele na nyuma, tabo imekwisha. Ukipuuza hapa unaweza kufika kwenye hali inayotisha: oili inamwagika kwenye njia ya hewa, injini ya dizeli inaiunguza kama mafuta yake na kupanda mizunguko yenyewe, na kuzima kwa ufunguo hakusaidii. Kwenye gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa kabisa na uachie klachi ili injini ife. Ikishindikana, toka na uwaondoe watu karibu. Usiinamie boneti.

Kuna tatizo moja la injini za KD ambalo kila mwenye gari hilo anapaswa kulielewa, kwa sababu linaanza kimya. Chini ya kila nozeli kuna washa ya kuzuia gesi. Washa ikichoka, gesi ya mwako inapanda na kuingia upande wa oili ikibeba masizi. Oili inakuwa nzito kama lami, na masizi yanaenda kuziba wavu wa kunyonyea oili ulioko chini kabisa kwenye sampu (bakuli la oili). Injini inakosa oili huku kijiti kinaonyesha imejaa. Dalili za mapema ni mlio wa "chaf chaf" karibu na kifuniko cha vali, oili inayokuwa nyeusi tii siku chache baada ya kubadilishwa, na vipande vigumu vyeusi kwenye oili inayomwagwa. Anayenunua 1KD iliyotumika, au aliyebadilisha nozeli, amwambie fundi ashushe sampu autazame wavu. Kazi hiyo ni ya siku moja, na inaweza kuokoa injini nzima.

Simama mara moja: taa nyekundu ya oili ikiwaka unapoendesha. Si ya kusogea hadi gereji iliyo kilomita tano mbele. Zima, shuka pembeni, piga simu ya breki dauni. Pia, ukipima oili ukakuta imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, usiwashe injini hadi ijulikane dizeli inaingilia wapi.

Joto linapanda

Sababu ya kwanza ni maji kupungua, ya pili ni rejeta iliyoziba kwa nje. Pikapu zinazopita matope na nyasi ndefu hujaza mapezi ya rejeta hadi hewa haipiti. Rejeta inaoshwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya presha ndogo. Wakati wa kuosha, tazama nafasi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Hapo ndipo uchafu unapojificha. Bampa ya chuma yenye winchi na taa kubwa nne mbele ya grili nayo inazuia hewa, na hili linaonekana zaidi kwenye mlima mrefu na mzigo.

Ya tatu ni feni. Hilux na Land Cruiser hizi zinatumia feni yenye klachi ya mafuta mazito katikati. Injini ikiwa baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono: iwe na ukinzani. Ikizunguka huru kama pia, au ukiona mafuta yamevuja katikati yake, haivuti hewa ya kutosha mwendo ukiwa mdogo.

Ya nne ni thamostati, na hapa nina ugomvi wa siku nyingi na mazoea ya gereji zetu. Gari likipata joto, fundi anaing'oa na kusema "huku kwetu joto, haihitajiki". Kwenye injini nyingi za Toyota thamostati inafanya kazi mbili: inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haipiti kwenye rejeta kabisa. Mlimani na mzigo, gari linaweza kupata joto zaidi kuliko mwanzo. Rudisha thamostati halisi.

Ya mwisho na ya gharama ni gasketi ya silinda hedi, au hedi iliyopasuka. Mipira ya rejeta ikiwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, au mapovu yakipanda mfululizo kwenye mdomo wa rejeta, gesi inaingia kwenye maji. Acha hapo. Kuongeza maji kila kilomita 20 kunapinda hedi.

Na kila mtu analijua hili lakini watu bado wanaungua usoni: usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuuachia. Injini ya moto isimwagiwe maji baridi.

Inawaka kwa shida asubuhi

Betri na vichwa vyake, kisha hita plagi, kisha hewa kwenye njia ya dizeli. Ikiwaka vizuri ukipampu kwa mkono kifuniko cha chujio la dizeli kwanza, kuna mahali hewa inaingia usiku: tazama viungo na mpira wa pampu hiyo ya mkono. Usipulizie ether kwenye injini yenye hita plagi. Inaweza kulipuka ndani ya njia ya hewa.

Usukani unatetemeka

Tenganisha hali tatu, maana kila moja ina chanzo chake.

Unatetemeka kati ya spidi 80 na 100 halafu unatulia: balansi. Kabla ya kulipia, geuza kichwa utazame ndani ya rimu. Tope lililokauka upande mmoja linatosha. Likishaoshwa na hali ikabaki, nenda kwenye balansi, na mwambie anayepima aangalie kama rimu imepinda.

Unatetemeka unapokanyaga breki tu: diski za mbele zimepinda au zimechakaa bila usawa. Kuziparura kunafaa kama unene bado uko juu ya kiwango kilichochongwa kwenye diski yenyewe.

Unatikisika kwa fujo baada ya kupiga shimo, gari zima linacheza na huwezi kuushika usukani hadi upunguze mwendo: hii ni ya Land Cruiser na magari mengine yenye ekseli nzima mbele, na ndiyo ya hatari. Haraka haraka watu wananunua shokapu ya usukani. Shokapu mpya inaficha tatizo kwa muda, na kilicholegea kinaendelea kulegea. Kagua kwa mpangilio: upepo na balansi ya tairi, bushi za fito ndefu inayoshikilia ekseli isiende upande, tairodi endi, kisha beringi za kingpini. Baada ya hapo ndipo uje kwenye shokapu.

Ukaguzi wenyewe: gari likiwa juu ya stendi, shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Ikicheza, ni beringi ya habu, kingpini, au boljointi kwa zile zenye springi huru. Mwambie msaidizi akanyage breki huku ukiendelea kuvuta: mchezo ukipotea, ni beringi ya habu. Kisha shika kushoto na kulia, ukicheza tazama tairodi endi. Fito ile ndefu inakaguliwa gari likiwa chini: msaidizi azungushe usukani kidogo huku na huku injini ikiwa inaunguruma, wewe ukitazama bushi kutoka pembeni, bila kulala mbele ya tairi. Bushi ikisogea ndani ya nyumba yake, imekwisha.

Gari lililoinuliwa lina sababu yake ya ziada. Kuinua mbele kunabadilisha pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Hilux ya umbo la Vigo ikiinuliwa kwa vipande vya kuweka juu ya springi bila kurekebishwa pembe, inatangatanga barabarani na kula tairi upande mmoja. Alaimenti baada ya kuinua ni sehemu ya kazi ile ile, ifanyike kabla gari halijaenda safari ndefu. Na usiunganishe vipande viwili, kimoja juu na kimoja chini ya springi, ili upate urefu zaidi. Boljointi na shafti za mbele zinafikia mwisho wa mkunjo wake, na zikitoka kwenye kona hakuna dereva hodari wa kulishika gari.

Boljointi ya chini yenye mchezo unaoonekana kwa macho haisubiri mwisho wa mwezi. Gari libebwe.

Mtetemo sakafuni na gari kukaza kwenye kona

Mtetemo unapoondoka na gia ya kwanza, kwenye Hilux yenye propela ya vipande viwili: beringi ya katikati, hasa kama springi za nyuma zimeinuliwa na pembe ya propela imebadilika. Mlio wa "kling" ukibadilisha gia: krosi. Pampu grisi kwenye nipo zake kila unapobadilisha oili, na baada ya kuvuka maji ya kina.

Kama gari linakaza kwenye kona na tairi zinalia, tazama wenzo wa 4H (wa kuunganisha magurudumu yote manne). Mfumo huu hauna difu ya katikati, ni wa kwenye tope, mchanga na changarawe. Kwenye lami kavu magurudumu ya mbele na nyuma yanashindana, na kinachovunjika ni gia. Umekwama kwenye 4H na wenzo hautoki? Rudi nyuma kwa mita chache ukiwa umenyoosha usukani, kisha jaribu tena.

Nyuma inayumba au inateleza

Pikapu tupu ni nyepesi nyuma na springi zake zimetengenezwa kwa tani moja. Ukiongeza majani mawili ili ibebe zaidi, ikiwa tupu inaruka kwenye matuta kiasi kwamba tairi za nyuma zinaacha barabara. Kwenye lami yenye mvua ya kwanza, unapoingia kona ndogo tu, nyuma inatangulia.

Kagua upepo kwanza. Wengi wanajaza kwa ajili ya mzigo wa Jumatatu na kuendesha tupu wiki nzima kwa upepo ule ule. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Kifuate. Baada ya upepo, tazama umri na kashata za tairi za nyuma, kisha shokapu zilizovuja, kisha yuubolti za springi. Yuubolti zilizolegea zinaacha ekseli isogee, na gari linakwenda upande kama kaa. Ukiona jani limekatika au pini ya katikati imevunjika, usipakie tena.

Mzigo mzito ukae mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kibini, ufungwe. Ukirundikwa kwenye mlango wa nyuma unainua pua, na tairi za usukani zinapungukiwa na uzito wa kushika barabara. Hakuna springi inayorekebisha hilo. Na watu wanaokaa juu ya mzigo hawana kinachowashikilia gari likiyumba. Hili nalisema nikijua ni usafiri wa kila siku wa mazao na vibarua, na bado nasisitiza: washuke, hata kama safari itakuwa mbili.

Breki

Kanyagio linazama taratibu ukilishikilia: masta silinda inapitisha ndani, au kuna uvujaji. Tazama kiwango cha mafuta ya breki, kisha ndani ya kila gurudumu kama kuna unyevu. Gari halitembei hadi litengenezwe.

Kanyagio refu lakini likikanyagwa mara mbili linapanda: mara nyingi ni viatu vya drumu za nyuma vimechakaa au havijakazwa. Drumu za pikapu zinakusanya tope na mchanga. Zifunguliwe na kusafishwa baada ya msimu wa mvua, hata kama hakuna kelele.

Kanyagio laini kama sponji: hewa, au mafuta ya breki yaliyozeeka. Mafuta hayo yananyonya unyevu, na yakipata joto kwenye mteremko maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke. Badilisha yote kila miaka miwili.

Breki zinazopotea katikati ya mteremko mrefu, pamoja na harufu kali, kwa kawaida zimekufa kwa joto la kukanyagwa mfululizo. Kwenye Kitonga, Sekenke, au barabara ya Lushoto kwenda Mombo na shehena ya kabichi, chagua gia ndogo kabla mteremko haujaanza, na injini ibebe sehemu kubwa ya kazi. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, rudia. Kuweka nyutro ili kuokoa dizeli hakuokoi chochote: D-4D iliyo kwenye gia inakata mafuta yenyewe unapoachia mguu. Harufu ikianza, tafuta mahali pa kusimama ungali na kanyagio. Pumzisha nusu saa, bila kumwagia drumu maji.

Nimeiacha mwisho sababu ambayo mafundi wengi hawaiangalii, nayo inagusa kila pikapu iliyoongezwa majani au kuinuliwa. Juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux nyingi kuna vali yenye mkono wa chuma ulioungwa na ekseli. Mzigo ukiongezeka, bodi inashuka, mkono unasogea, na vali inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu inapunguza nguvu hiyo ili nyuma isifunge na kuteleza. Ukiinua nyuma kwa sentimita tano, vali inasoma gari tupu siku zote. Unashuka mlima na tani moja, na breki za mbele zinafanya karibu kazi yote: pua inazama, pedi zinaisha haraka, umbali wa kusimama unaongezeka. Mwenye gari anabadilisha pedi, diski, hata buusta, na tatizo liko palepale.

Lala kando ya gari lililosimama juu ya ardhi tambarare, umulike. Mkono ukiwa umevunjika, umefungwa kwa waya, au umekwama kwa kutu, umepata jibu. Ukiwa mzima lakini gari limeinuliwa, unahitaji kipande cha kuurefusha kwa kiasi kile kile springi zilichoinuka, kisha presha ya mbele na nyuma ipimwe kwa geji kulingana na kitabu cha gari. Kazi hiyo ni ya fundi breki mwenye geji za presha. Usiukunje mkono kwa kukadiria ili nyuma ikamate zaidi, maana siku gari likiwa tupu kwenye lami yenye maji tairi za nyuma zitafunga kabla ya za mbele. Likitoka gereji, lijaribiwe kwenye barabara isiyo na watu, kwanza tupu, kisha na nusu ya mzigo, kwa spidi 40, kabla ya kupakia kikamilifu.